Dakika Kumi na Tano Kabla ya Sabato Kuisha

Sehemu ya Kumi na Moja

"Soma mwenyewe," Zaki alisema, akakigeuza kijitabu cha lesoni, masomo ya Sabato, ili mwanga wa jioni uufikie ukurasa. "Jua kuzama leo, saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano. Mkataba wako unasema na nusu."

Hapo ndipo tulipomwacha Kemuma wiki iliyopita, msomaji: nyuma ya jukwaa mjini Kisii, Jumamosi ya Agosti, vazi la onyesho likiwa bado mkobani, na watu elfu nne wakiliita jina lake upande wa pili wa turubai.

Alisoma. Akasoma tena. Tarakimu hazikubadilika.

Kwa yule anayekutana naye leo kwa mara ya kwanza, Kemuma ni binti wa Ikonge, kule Nyamira. Hutunga nyimbo zake mwenyewe na kuziimba juu ya midundo ya densi ambayo Zaki huiunda kwa kompyuta, katika stoo ya duka la vitambaa la babake hapa mjini. Mwaka huu wimbo wao uitwao "Hajalala" umechezwa katika kila harusi, kila kinyozi na kila bodaboda kuanzia Suneka hadi Keroka. Kemuma ni Msabato pia, na si Msabato wa jina tu.

Novemba iliyopita, alipotia sahihi mkataba na Ombui, mwenye kampuni ya burudani, alidai jambo moja pekee: haimbi densi kabla Sabato haijaisha, yaani jua kuzama Jumamosi. Mwezi huo jua lilikuwa likizama saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano. Wakaandika saa kumi na mbili na nusu. Kemuma akaona amejiwekea dakika tano za akiba.

Hakukumbuka kwamba jua la Agosti huchelewa. Sisi tunaoishi karibu na ikweta huzoea kusema kwamba jua letu halibadiliki, na kosa hilo tunalifanya kwa moyo mkunjufu mwaka baada ya mwaka.

Sharti la mwisho la mkataba lilikuwa fupi. Msanii asipoanza kuuimba "Hajalala" jukwaani saa iliyoandikwa, kwa sauti yake mwenyewe, haki zote za wimbo huo zitakuwa za kampuni. Milele.

"Hakuna aliyekumbuka jua," Kemuma alisema.

"Yuko mmoja," sauti ilijibu nyuma yao.

Ombui alikuwa amesimama kando ya ngazi, suti ya kijivu, tai nyekundu, tabasamu la mtu aliyekwisha kula. Nyuma yake alikuwa wakili wake, mwanamke mwenye miwani, ambaye hakutabasamu hata kidogo.

"Mimi nimezaliwa katika kanisa lenu, dada," Ombui alisema. "Marehemu mama yangu alikuwa akiubandika ukurasa huo ukutani, juu ya meza ya chai. Nilijua jua la Agosti linazama saa ngapi kabla sijajua kusoma."

"Kwa hiyo tarehe hii uliichagua makusudi."

"Nilichagua tarehe ya tamasha. Jua sikulipanga mimi."

"Ombui, nipe dakika kumi na tano tu!"

"Nikupe nini? Si umesoma shule? Si ulitia sahihi mbele ya wakili huyu?" Alitazama saa yake. "Una njia mbili. Panda uimbe na nusu, kesho wazee wa kanisa wakuite kikaoni. Ama ubaki hapa chini na utakatifu wako, wimbo uwe wangu. Zote mbili, mimi nitalala usingizi mzuri."

"Kuna ya tatu," Zaki alisema. "Nimkaze hiyo tai."

"Muache, Zaki."

"Kidogo tu."

"Nimesema muache."

Ombui alicheka, akaenda zake. Wakili alibaki nyuma hatua moja, akamtazama Kemuma kana kwamba alikuwa na neno. Kisha naye akaondoka.

Saa ilisema kumi na mbili na dakika kumi na tisa.

* * *

"Nisikilize," Zaki alisema, akiivuta kompyuta yake karibu. "Nitacheza rekodi. Wewe utapanda, utafungua mdomo na kuufunga. Hutaimba hata neno. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Aki Kemuma! Dakika kumi na tano! Mungu atakufungia mbingu kwa dakika kumi na tano?"

"Ramadhani iliyopita, ulifungua saumu dakika kumi na tano kabla ya adhana?"

Zaki alijikuna shingo.

"Hapo umenishika," alisema hatimaye.

"Tena mkataba unataka sauti yangu, si rekodi. Nikiwadanganya wale watu, nitakuwa nimempa Ombui wimbo na kumwongezea uongo wangu juu yake."

"Basi tutafanyaje? Niambie tu. Ukisema nikate umeme wa mji mzima, naukata."

Kemuma aliitazama saa. Miaka minne ya kazi ilikuwa imejikusanya ndani ya dakika hizo. Alikuwa ameambiwa na mwalimu wake kwamba muziki wa mitambo si wa wasichana. Watangazaji wawili walimwambia aimbe Kiingereza ndipo wamcheze. Mzee mmoja wa kanisa alimwambia kwamba sauti hiyo aliyopewa atadaiwa siku ya mwisho. Wote hao alikuwa amewajibu kwa kuendelea kuimba. Lakini jua halijibiwi hivyo.

Ndipo turubai lilipofunguliwa kwa nguvu.

"Yuko wapi?"

Kemuma aliijua sauti hiyo kabla ya kugeuka. Bathsheba, mama yake mzazi, aliingia akiwa na mavazi yake ya Sabato na Biblia kwapani. Nyuma yake walikuja akina mama watano wa Dorkasi, chama cha wanawake wa kanisa, kila mmoja na kitambaa cheupe kichwani, viatu vimejaa vumbi la njia. Walikuwa wametoka kwenye makambi, mkutano mkuu wa kanisa uliokuwa ukimalizika kilimani, wakateremka kwa miguu hadi uwanjani.

"Mama! Walinzi wamewaruhusuje?"

"Nimewaambia nimekuja kumchukua mtoto wangu. Nani atanizuia?" Bathsheba alimtazama binti yake kuanzia kichwani hadi miguuni. "Umeimba?"

"Bado."

"Mungu asifiwe. Beba mkoba, twende nyumbani."

"Nikitoka hapa, wimbo wangu unakuwa wa Ombui."

"Wimbo gani? Ile ngurumo?"

"Mama, hujawahi kuusikiliza hata mmoja wa nyimbo zangu."

"Na sitausikiliza. Naona aibu kupita sokoni Ikonge. Watu wananiambia, Mama Kemuma, mtoto wako anatikisa madirisha. Mimi nilikulea kwenye kwaya, nikakufundisha sauti ya pili ukiwa hujaota meno yote. Kumbe nilikuwa nakuandalia spika!"

Akina mama wa Dorkasi waliguna. Zaki aliinama, akajifanya anatafuta waya.

"Shikamoo, Mama," alisema kutoka huko chini.

"Marahaba. Na wewe mtoto wa Shariff, babako anajua uko hapa?"

"Anajua, Mama. Yuko pale mbele. Amenunua tiketi."

Mmoja wa akina mama alicheka, kisha akakohoa ili kuficha kicheko.

Bathsheba alimshika Kemuma mkono. Sauti yake ilishuka, na kwa kushuka huko ikawa nzito zaidi.

"Sikiliza, mwanangu. Kuimba hatujakataza. Tangu jana jioni tunaimba huko kilimani, koo zimekauka. Sabato yenyewe ni ya kuimba. Tunachokataa ni hiyo ngurumo, na hayo marukaruka."

Kemuma alimtazama mama yake kama mtu aliyepigwa na mwanga machoni.

"Umesema nini?"

"Nimesema twende nyumbani."

"Hapana, kabla ya hapo. Umesema kuimba hamjakataza."

"Yaya!" Bathsheba alikataa kwa Kikisii, akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Hapana! Usigeuze maneno yangu!"

Lakini Kemuma alikuwa amekwisha kuutupa mkoba wenye vazi la onyesho juu ya sanduku. Alibaki na gauni la bluu alilokuwa amevaa kanisani asubuhi.

"Zaki, usiguse kitu chochote. Wala ngoma wala kinanda. Hata taa za rangi zisiwake. Utakaposikia adhana ya magharibi, jua litakuwa limezama na Sabato yangu imekwisha. Hapo ndipo utawasha."

"Adhana ikilia mimi ni wa kuswali, Kemuma."

"Rakaa ngapi?"

"Tatu."

"Washa mdundo, kisha ukaswali nyuma ya spika. Utanikuta."

Zaki alitabasamu kwa mara ya kwanza jioni hiyo. "Wewe jua likizama unaanza kelele, mimi likizama naanza ukimya. Tutapatana tu."

"Kemuma!" mama yake aliita. "Na hao walionunua tiketi ili kuruka? Utawaambia nini?"

"Tiketi aliwauzia Ombui. Mimi Sabato yangu sikumuuzia mtu."

Akapanda ngazi.

* * *

Saa kumi na mbili na nusu kamili.

Uwanja ulilipuka. Vijana wa Suneka walikuwa mbele kabisa, wamebebana mabegani. Kemuma alitembea hadi katikati ya jukwaa, peke yake, bila wacheza densi, bila moshi, bila taa. Akasimama. Pembeni aliwaona Ombui na wakili wake, saa zao mikononi.

"Sabato njema," alisema kwenye maikrofoni.

Watu walitazamana. Kisha kicheko kikubwa.

"Sabato njema!" baadhi wakaitikia kwa dhihaka, wengine kwa mazoea tu. Maana nusu ya umati huo, msomaji, ilikuwa imeketi kanisani asubuhi ileile.

"Bado tuna dakika kumi na tano za Sabato," Kemuma alisema. "Mtanisaidia kuzimaliza."

Akaanza kuimba. Hakukuwa na mdundo wala kinanda. Aliuimba "Hajalala" kwa mwendo wa polepole, mstari baada ya mstari, kama wimbo wa kufungia ibada:

Usinizime, mimi ni taa,
Aliyeniwasha hajalala.
Funga dirisha, ziba na ufa,
Mwanga u ndani, utachomoza.

Kila mtu uwanjani aliyajua maneno hayo. Walikuwa wameyapigia kelele mwaka mzima huku wakiruka. Hakuna aliyewahi kuyasikia yakiwa yamesimama wima hivyo.

"Ni nini hii?" kijana mmoja alipaza sauti. "Tumekuja shoo ama mazishi?"

"Leta mdundo!"

"Zaki amelala! Mwamsheni!"

Chupa ya plastiki iliruka, ikatua karibu na mguu wake. Kemuma hakuitazama. Aliuanza ubeti tena.

Pembeni, uso wa Ombui ulikuwa umebadilika.

"Hili si onyesho," alimwambia wakili. "Andika. Msanii hakufanya onyesho."

"Mkataba unasema aanze kuuimba wimbo, kwa sauti yake, saa hii," wakili alijibu bila kuinua macho. "Anauimba."

"Bila muziki?"

"Muziki hatukuuandika."

Ombui alimwita fundi wa mitambo kwa kidole. Alinong'ona. Na mara maikrofoni ya Kemuma ikafa.

Sauti yake iliondoka uwanjani kama mshumaa uliopulizwa. Midomo ilikuwa ikienda, lakini hata mstari wa tatu wa watu haukusikia kitu. Umati ukaanza kupiga mluzi. Wengine walianza kuondoka.

Kemuma aliitazama maikrofoni. Aliinama, akailaza sakafuni kwa utaratibu kama mtu anayeweka kikombe mezani. Akatembea hadi ukingoni mwa jukwaa, akaivuta pumzi hadi tumboni, akaimba kwa kifua chake chote. Sauti ilifika mstari wa tano. Labda wa sita. Koo lilimuuma kama limekwaruzwa kwa msasa.

Saa kumi na mbili na dakika thelathini na sita. Tisa bado.

Ndipo sauti nyingine ilipoinuka.

Ilitoka chini, kando ya ngazi. Ilikuwa sauti ya pili, imekaa chini ya yake kwa umbali uleule usioyumba, safi, ya mtu aliyeimba kwaya kwa miaka thelathini. Kemuma hakuhitaji kugeuka. Mama yake alikuwa amesimama kwenye nyasi, Biblia imebanwa kifuani, macho yamefungwa, akiimba.

Akina mama watano wakamfuata. Mzee mmoja katikati ya uwanja, aliyeletwa huko na wajukuu wake, akateremka kwenye besi. Mwalimu wa kwaya kutoka Nyamache akachukua teno. Na hapo, msomaji, Ombui alifanya hesabu aliyopaswa kuifanya tangu Novemba: alikuwa amekusanya mahali pamoja watu elfu nne wa Kisii na Nyamira, na karibu kila mmoja wao alikuwa amefundishwa sauti yake tangu utotoni.

Sauti nne zilifunguka kama mlango mpana.

Walioelekea langoni waligeuka. Vijana wa Suneka waliteremka mabegani mwa wenzao. Yule aliyeuliza kuhusu mazishi alikuwa ameikamata besi, mishipa ya shingo imemtoka.

"Rudisha umeme!" Ombui alimfokea fundi, akiutazama umati kwa hofu.

"Si umesema nizime?"

"Rudisha!"

"Na uombe wasijue ni nani aliyezima," wakili alisema, sasa akimtazama mwajiri wake moja kwa moja. "Kampuni ikimzuia msanii kuimba, kampuni ndiyo iliyovunja mkataba. Hilo pia niliandika mimi."

Dakika arobaini. Arobaini na moja. Beti mbili za wimbo zilikuwa zimeimbwa na kurudiwa mara saba. Watu walianza kuchoka, na Kemuma alijua dalili hizo: besi hulegea kwanza, kisha watoto huanza kuzungumza. Sauti yake mwenyewe ilikuwa imebaki uzi. Alifika mwisho wa ubeti wa pili, akafungua mdomo aurudie wa kwanza, na hakikutoka kitu.

Wimbo ulikuwa umemfia mdomoni.

Kutoka karibu na wale akina mama, sauti ya kizee ikaendelea mbele:

Kioo changu kikipasuka,
Utambi wangu ukikatika,
Usiogope giza likija,
Aliyewasha atanishika.

Maneno hayo Kemuma hakuyajua. Hakuyaandika yeye. Wimbo wake ulikuwa na beti mbili tu, na alikuwa amehangaika miezi mingi akitafuta ubeti wa tatu bila kuupata. Huu hapa, umekaa kwenye tuni kama mguu kwenye kiatu chake.

Umati haukusubiri kuombwa. Ulimfuata bibi yule, ukaujifunza ubeti hapohapo, ukauimba mara ya pili kwa sauti nne na mara ya tatu kwa machozi. Juu ya milima ya magharibi jua lilikuwa mstari mwembamba, kisha halikuwapo.

Adhana ikasikika kutoka mjini.

Watu elfu nne walinyamaza. Kemuma aliinamisha kichwa, akaomba sala fupi ambayo hakuna aliyeisikia, akasema amina. Akaiokota maikrofoni, iliyokwisha kurudishiwa umeme.

"Sabato imekwisha," alisema, sauti ikikwaruza. "Sasa rukeni."

Mdundo wa Zaki ulidondoka juu ya uwanja kama paa la mabati. Taa zote ziliwaka kwa pamoja. Siwezi kuieleza kelele iliyofuata, wala sitajaribu. Waulizeni waliokuwapo, kama masikio yao yamepona. Nyuma ya spika kubwa ya kushoto, kijana mmoja alikuwa ameelekea kibla, ametulia, ardhi ikitetemeka chini ya paji la uso wake.

* * *

Dakika ishirini baadaye Kemuma aliteremka ngazi akiwa amelowa jasho. Wakili alikuwa akimsubiri.

"Ulianza saa kumi na mbili na nusu kamili, kwa sauti yako," alisema. "Nimerekodi na nitaandika hivyo. Wimbo ni wako."

"Asante."

"Usinishukuru. Mimi nimesoma tu kilichoandikwa."

Kemuma hakungoja zaidi. Alipita katikati ya watu hadi kwa akina mama wa Dorkasi, akamkuta bibi mwembamba ameketi kwenye kiti cha kukunja, leso begani. Hakuwa mmoja wa wale watano, wala hakuwa wa Ikonge. Kemuma hakuwahi kumwona.

"Shikamoo, Omongina," alisema, kwa neno la heshima ambalo Wakisii humwitia bibi.

"Marahaba, mwanangu. Umeimba vizuri. Ile sehemu ya mwisho imeniumiza meno, lakini umeimba vizuri."

"Ubeti ule wa tatu. Umeupata wapi?"

Bibi alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Nimeupata? Niliutunga. Beti tatu, sauti nne, nikaandika kwa penseli kwenye daftari. Naitwa Nyakerario, wa Suneka. Wewe ulikuwa hujazaliwa." Alitikisa kichwa. "Huko kwenye bodaboda nilikuwa sijautambua. Ngoma zile zinafunika. Leo ulipouvua nguo ndipo nikaujua mtoto wangu."

Tuni ile ilimjia Kemuma shambani mwa majani chai, asubuhi moja ya ukungu, nzima, kama zawadi. Hivyo ndivyo alivyoamini. Hivyo ndivyo alivyowaambia watangazaji wote.

"Rudia hayo, Omongina," mtu alisema begani pake. "Polepole."

Ombui. Simu yake ilikuwa imenyooshwa, taa nyekundu ya kurekodi ikimulika. Tabasamu lilikuwa limerudi mahali pake.

"Kumbe nilikuwa namwandama mtu asiye mwenye wimbo," alisema. "Bibi, mimi na wewe tuna mazungumzo. Kesho nitakuja Suneka na karatasi."

Zaki alifika akikimbia, akamshika Kemuma kiwiko. "Usiseme neno," alinong'ona. "Bibi ni mzee, anachanganya mambo. Kanusha. Nani atathibitisha? Nyamaza tu, Kemuma, wimbo umeshaupata!"

Hesabu ya Zaki ilikuwa sahihi. Neno moja lingetosha. Bibi amekosea. Basi.

Kemuma aliuondoa mkono wa Zaki. Alipiga magoti kwenye nyasi mbele ya kiti cha bibi, kisha akageuza uso kwa Ombui.

"Rekodi," alisema. "Lete simu karibu, usikose hata neno. Leo umejaribu kunipokonya wimbo kwa jua, ukashindwa. Hutaupata kwa ukimya wangu. Kama ni wa bibi huyu, nitalitangaza jina lake mimi mwenyewe, pale juu, kabla hujafika Suneka na karatasi zako." Akamshika Nyakerario mikono yote miwili. "Sema, Omongina. Daftari hilo, nani mwingine aliwahi kuliona?"

Nyakerario alifungua kinywa. Lakini macho yake hayakuwa tena kwa Kemuma. Yalikuwa yamepita juu ya bega lake, yakatua kwa mtu aliyesimama nyuma.

"Usimuulize huyo," Bathsheba alisema.

Alisogea mbele, akasimama kati ya simu ya Ombui na kiti cha bibi. Kitambaa chake cheupe kilikuwa kimemdondoka, na hakukiokota.

"Daftari liko kwangu, Ikonge, tangu mwaka niliokuzaa. Lina nyimbo kumi na moja, nami nilikubembeleza kwazo ulipokuwa mchanga." Alipoendelea alimtazama binti yake machoni, kwa mara ya kwanza tangu ateremke kutoka makambini. "Nilikudanganya nilipokubali kwamba sijazisikiliza zako. Nimezisikiliza zote, Kemuma. Na kati ya hizo kumi na moja, wewe umekwisha kuimba tano."